Kanga Isiyotandikwa

Hapo zamani, huko milimani kwetu, wanaume watatu walikuwa wakicheza karata kila baada ya mavuno, na walishindania mifugo. Sikilizeni vizuri. Mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Singano aliweka ng'ombe wake. Alikuwa naye huyo mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mpwa wake, kichanga aliyeachwa na dada yake aliyefariki uzazini. Alimweka kwa tamaa. Mimi simtetei.

Wakacheza hadi kila mmoja akabakiwa na karata moja. Shemdoe, rafiki yake Singano, akaitazama yake, akamtazama rafiki yake, kisha akaifunika.

"Mimi nimetoka," akasema.

Na desturi yao ilikuwa hivi: aliyetoka hafungui kinywa mpaka mchezo uishe.

Wakabaki wawili. Kihiyo akacheka. "Naongeza dau. Naweka ng'ombe wangu wawili, wewe weka shamba lako. Hutaki, toka, na ng'ombe wako nimemchukua."

Singano alikuwa na mfalme wa kopa. Kati ya karata zilizobaki, moja tu iliweza kumshinda, nayo ni ree ya kopa. Je, Kihiyo anayo? Jasho likamtoka. Lakini dau la mwisho halikuwekwa bila ridhaa ya nyumbani. Mke aliitwa, na akikubali, alitandika kanga yake juu ya mkeka. Asipoitandika, mume alitoka.

Mwanahawa akaja, kichanga yuko mgongoni.

"Mke wangu, nina karata nzuri."

"Nzuri ya kushinda?"

"Ya kushinda karibu zote."

"Karibu?" Mwanahawa akatikisa kichwa. "Ng'ombe ulimweka bila kuniuliza. Sasa unataka na shamba! Tutakula nini?"

Hata hivyo moyo haukumtulia. Akamgeukia Shemdoe. "Shemeji, nitandike?"

Shemdoe akatazama chini. Kanga ikabaki mabegani, na Singano akaifunika karata yake.

Ndipo Kihiyo akafunua ya kwake: sita ya pau! Shemdoe naye akafunua: ree ya kopa. Alikuwa ametoka kwa makusudi, asije akamshinda Singano, kwa kumwonea huruma mtoto.

Kesho yake Kihiyo akampeleka yule ng'ombe mnadani. Kichanga akapikiwa uji, akautapika. Wakaomba maziwa ya mbuzi kwa majirani, leo yapo, kesho hayapo. Mvua za vuli zilipoanza, mtoto akafariki. Inaniuma kuisimulia.

Na huko, mwenye kosa la kifo ndiye aliyetia udongo wa kwanza kaburini na kuomba radhi. Singano akashika koleo.

"Ni langu. Mimi ndiye niliyemweka ng'ombe."

Mwanahawa akamshika mkono. "Niachie. Ningetandika kanga, mtoto angekuwa mgongoni kwangu sasa hivi."

"Shemeji, uliniuliza," Shemdoe akasema, machozi yakimtoka. "Ree nilikuwa nayo mimi. Neno moja tu lingetosha. Nililinda desturi, sikumlinda mtoto."

Kihiyo alikuwa amesimama mbali. Akasogea.

"Nilimtisha Singano kwa sita ya pau, na mchezo unaruhusu. Lakini Wallahi sikujua kwamba mtoto anaishi kwa maziwa yale. Mbona hamkuja kuniambia? Ningemfuata ng'ombe popote alipo."

Singano na mkewe walikuwa wameona aibu kwenda kumwomba mtu aliyewashinda. Kihiyo naye akanyoosha mkono, akaushika mpini pamoja nao, na hakuna aliyekubali kuuachia.

Wingu linatanda, na mtoto bado hajafunikwa. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni: je, nani alistahili kuachiwa koleo lile?