Kisima cha Nane cha Mji wa Kumsani

Wamepokea wasimulizi kutoka kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba katika mji wa Kumsani, ulioko nyuma ya milima ya mawe meusi, mbali na kila pwani, alitawala Sultani Nadhiri bin Shamsi, mfalme mwadilifu mwenye majeshi na majumba na bustani za komamanga. Na mji ule haukuwa na mto wala ziwa, bali ulikunywa kwa visima saba, na vyote saba vilichimbwa na mtu mmoja, jina lake Hilali bin Idarusi, mkuu wa mafundi wa Sultani.

Huyu Hilali alikuwa fundi asiye na mfano. Alikuwa akiokota udongo na kuuweka ulimini, kisha husema, "Hapa maji yako pima kumi na nne," na watu wakichimba huyakuta pima kumi na nne, si zaidi wala si pungufu. Na siku alipokuwa akichimba kisima cha saba, sururu yake iligonga kijisanduku cha shaba, na ndani yake mlikuwa na pete ya chuma, na alipoivaa alimtokea jini mkubwa, mabega yake kama malango ya ngome, akapiga magoti akasema, "Labeka, bwana wangu. Mimi ni Damdamu, nina nguvu za tembo arubaini, nami nimefungwa kumtumikia mwenye pete." Tangu siku hiyo moyo wa Hilali ukapanda juu. Watu walipomwambia, "Tumshukuru Mungu kwa maji haya," alicheka akawajibu, "Mshukuruni, lakini aliyeyatafuta ni mimi."

Kisha ikapita miaka mitatu bila tone la mvua. Kisima cha kwanza kikatoa tope, na cha pili kikatoa vumbi, na vingine vikafuata, hata kikabaki kile cha saba peke yake, na wanawake wakawa wanapanga foleni tangu alfajiri ili wapate kata moja ya maji mekundu. Mikomamanga ikakauka, na ng'ombe wakafa wamesimama, wameegemea kuta.

Sultani akamwita Hilali barazani, akamwambia, "Ewe fundi wetu, mimi nina majeshi na siwezi kupigana na kiu, na nina mawaziri na hawana la kuniambia. Raia wangu wanakufa. Je, ipo hila yoyote kwako?"

Hilali akainama, akasema, "Ewe Maulana, moyo wako na utulie. Ilimu ninayo kichwani na jini ninaye kidoleni. Nipe siku saba, na siku ya saba utaoga kwa maji baridi."

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe, Zamradi, amefunga mizigo, na binti yao wa pekee, Salme, mwenye umri wa miaka sita, amelala juu ya mkeka, midomo imepasuka. Zamradi akasema, "Baba Salme, msafara unaondoka leo kwenda bonde la Nahari kwa ndugu zangu, na kule kuna mto. Nipe ruhusa nimpeleke mtoto."

"Mke wa fundi wa visima akimbie kiu?" akasema Hilali. "Watu watasemaje? Fungua mizigo, Mama Salme. Naapa kwa pete hii, maji yatakuja hapa hapa."

"Usiape, mume wangu. Twende zetu."

"Nimekwisha sema."

Zamradi akafungua mizigo, na msafara ukaondoka, na vumbi lake likaonekana mlimani hata lilipotoweka.

Hilali akaonja udongo wa mahali pengi, akachagua uwanja ulio mbele ya ngome, akamwamuru jini achimbe kisima cha nane. Damdamu akachimba kwa kucha zake, na ardhi ikatetemeka, na kufikia siku ya pili alikuwa ameshuka pima mia, asikute ila mwamba. Akaupasua mwamba, akashuka pima mia nyingine, asikute ila mchanga wa moto na mifupa ya samaki waliokufa kabla ya Adamu. Hilali akajishusha kwa kamba, akauonja mchanga ule, na ulimi wake haukumwambia kitu. Hilo halikuwa limempata tangu azaliwe, na hofu ikamwingia.

Siku ya nne akamwambia jini, "Nenda ukaniletee maji ya bahari." Jini akaruka, akarudi na maji ndani ya ngozi mia, na watu wakayarukia kabla hawajakatazwa, na waliokunywa wakafa kwa kiu kali kuliko ile ya kwanza. Siku ya tano akamwambia, "Basi, nenda ukauteke mto wa Nahari." Jini akaenda, akarejea mikono yake imeungua hadi viwikoni, akasema, "Bwana wangu, kila mto una malaika aliyewekwa juu yake, nami sikupewa idhini."

"Idhini ya nani? Mwenye pete ni mimi!"

"Wewe ni mwenye pete," akasema jini, "lakini huna mto."

Siku ya sita kisima cha saba kikakauka. Siku ya saba, wakati wa alasiri, Salme akaomba maji, na mamaye akamlowesha midomo kwa machozi, maana hapakuwa na kingine. Mtoto akauliza, "Baba amefika?" Akaambiwa, "Yuko hapa, mwanangu." Akamtazama babaye kwa muda, kisha akafumba macho, na roho yake ikatoka.

Hilali akapiga ukelele uliosikiwa na mji mzima, akaisugua pete hata kidole kikatoka damu, akasema, "Damdamu! Mrudishe!"

Jini akasimama mlangoni, asithubutu kuingia, akalia, na machozi yake yakawa moshi. Akasema, "Bwana wangu, mimi ni mja kama wewe. Ulinidhania nini?"

Wakamzika Salme bila kumwosha, wakamtayamamisha kwa vumbi, kwa kuwa maji hayakupatikana hata ya maiti. Na waliporudi kutoka makaburini Zamradi akasimama mbele ya mumewe, macho makavu, akasema, "Hilali, mto ulikuwa mwendo wa siku nne. Naomba talaka yangu." Hilali akampa.

Asubuhi ya siku ya nane akaenda kwa Sultani, akamkuta ameketi chini, kilemba kiko magotini. Hilali akasema, "Maulana, nilikuahidi kisicho changu. Nikate kichwa."

Sultani akasema, "Nikikikata, kitatoka maji? Nenda, maskini. Sote tunafia nyumba moja."

Akaenda mpaka kisima cha nane, akamwamuru jini amshushe hadi chini kabisa, pima mia mbili, mahali ambapo mwangaza wa mdomoni ulionekana kama punje ya mtama. Kisha akaivua pete, akaiweka katika kiganja cha jini, akasema, "Nenda. Uko huru."

Damdamu akasema, "Nimelingoja neno hili miaka elfu, na leo halinifurahishi. Nikiondoka, ni nani atakayekutoa humu?"

"Nenda."

Jini akaondoka, na Hilali akabaki gizani. Alitaka kusali, maneno yakamkauka. Hakuomba maji, maana aliona haya kuyaomba baada ya kumzika mtoto. Mwisho akalaza uso wake mchangani, akasema, "Mola wangu, nguvu sina, ilimu sina, mtoto sina. Nilijitegemea mwenyewe, na nimemuua kwa kujitegemea. Nimebaki mikononi mwako, nifanye upendavyo."

Hakujibiwa. Akangoja, na ukimya ukawa mzito kuliko mawe, akakata tamaa ya kutoka, akakata tamaa hata ya kusamehewa, na juu ya hayo yote asiache kulala pale pale, kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kwenda.

Basi katika siku ya tisa akahisi baridi chini ya kisigino. Akadhani ni mauti. Akapapasa, mkono ukalowa. Akauonja udongo kwa mazoea, apate kujua mkondo unatoka wapi na una nguvu gani, na udongo haukuwa na ladha yoyote. Ila maji yalikuwa matamu. Yakampanda magotini, yakampanda kifuani. Akajaribu kuukwea ukuta, mawe yakateleza, akaanguka. Akajaribu kuogelea, na mikono iliyodhoofika kwa kiu ikamsaliti, akazama, akaibuka, akazama tena. Kila alipopigana nayo yalimmeza. Akasema, "Basi, Mola wangu," akajilaza chali, akaiachia mikono yake na miguu yake. Na maji yakambeba.

Yakapanda naye pima baada ya pima, polepole, na ule mwangaza ukawa kama tunda, ukawa kama sinia, ukawa kama ungo, hata jua la adhuhuri likampiga usoni, na maji yakafurika uwanjani mbele ya ngome, na watu waliokuwa wakisubiri kufa wakatambaa wakayaangukia kwa nyuso zao.

Sultani akamvika joho la heshima, akampa majumba mawili na mashamba na cheo cha uwaziri, akaamuru jina lake lichongwe juu ya kisima. Hilali akasema, "Ewe Maulana, heshima yako naipokea, lakini jina usilichonge. Mimi nilishushwa nikiwa nimeshindwa, na nikapandishwa nimelala."

Na eda ya Zamradi ilipokwisha, Hilali akapeleka posa upya kwa heshima zote. Zamradi akamwita aje mwenyewe, akasema nyuma ya pazia, "Maji yalikuja siku ya tisa, na mwanangu alikufa siku ya saba. Usithubutu kuniambia ni kwa nini."

Akasema, "Sijui ni kwa nini, wala sitajifanya ninajua."

Zamradi akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kisha akasema, "Mtu asiyejua, ninaweza kukaa naye."

Wakaozwa bila ngoma, wakaishi pamoja hadi uzee, na kila Ijumaa walikwenda wawili makaburini na mtungi wa maji, wakamwagia kaburi dogo. Na waliokuwa wakipita waliambizana ya kwamba nguvu za mja zina kikomo na ujuzi wake una kikomo, na aliye nje ya kikomo ni Mungu peke yake; basi mtegemee kungali mapema, kabla hujafikishwa chini ya kisima. Hayo ndiyo yaliyotufikia katika habari za Kumsani, nasi tumeyatoa kama tulivyoyapokea.