Tundu la Dema la Faki

Kaeni mnisikilize, na aliyekula samaki tasi wachanga leo mchana asogee mbele, maana maneno haya ni yake.

Palikuwa na mvuvi, Faki, na mkewe Mize, fundi wa kusuka madema, ile mitego ya samaki ya mianzi. Mize aliacha matundu mapana ya vidole vinne, samaki wachanga wapate kutoka, wakue, wazae.

Faki akafoka, "Suka vidole vitatu!" Mize akasuka. Kule mwambani samaki changu, jike mkubwa, akamwambia Faki, "Niachie wanangu! Tundu la dema lako litakuwa mlango wako." Faki akacheka, akamtia tengani. Jioni ile aliingia nyumbani kwake ameinama, mlango umepungua.

"Suka viwili!" Jioni ile aliingia anatambaa.

"Suka kimoja!"

"Sisuki kaburi la watoto," akasema Mize, akatoka nje. Faki akasuka mwenyewe, akazoa wachanga wote. Mwamba ukabaki mtupu, hauna mdogo wala mzazi. Mnacheka? Na nyinyi mwamba wenu una nini?

Faki akajipenyeza ndani ya nyumba kwa tumbo, akiburura tenga lake. Alipogeuka, mlango ulikuwa tundu.

"Mize! Mke wangu, nitoe!"

Mize akaingiza kidole cha shahada tunduni. Kikaenea barabara.

"Kimoja, bwana. Ulipima mwenyewe."

Nami naishia hapo tunduni. Anayeweza kupita, apite.