Kitanda cha Bi Nunuu

Hapo zamani, watu walipopimia vidole na mikono yao wenyewe, Vuai mfupi alimchumbia Bi Nunuu mrefu. Alimpenda hata chakula kikawa hakimpiti kooni. Bi Nunuu akamkubali, ila kwa sharti.

"Nimechoka kulala miguu inaning'inia. Kitanda kikinitosha, harusi. Kisiponitosha, narudi kwa mama."

Vuai mbio kwa Machano mchoraji, mtu wa vidole vyembamba kama njiti. Machano akachora kitanda ubaoni: urefu vidole sita, upana vidole vinne.

"Mwambie seremala, unene wa kidole kimoja hapa ni dhiraa moja kule. Kiwiko mpaka ncha ya mkono."

Vuai mbio na ubao kwa Kichupa seremala, akamweleza vivyo hivyo. Lakini kidole kimoja cha Kichupa kilikuwa sawa na viwili vya Machano. Akaupima mchoro kwa vidole vyake: urefu vitatu, upana viwili. Akachonga kitanda cha dhiraa tatu kwa mbili.

"Hebu kijaribu, bwana harusi."

Vuai akapanda, akajikunja kidogo, akajiona sultani. "Kinatosha!"

Siku ya harusi, kabla kadhi hajafika, Bi Nunuu akakijaribu. Kitanda kikaishia magotini. Miguu ikatokeza nje ya mlango, kuku akaja akatua juu yake. Moyo wa Vuai ukapasuka, paa!

"Kosa la nani?" akauliza Bi Nunuu. "Likiwa la mafundi, watatengeneza kingine, nami nitangoja. Likiwa la Vuai, kwaheri."

Machano akaruka. "Mie nilichora sawasawa. Kidole kwa dhiraa. Lakini kwa kidole changu, si kwa ndizi zile za Kichupa!"

"Na ubaoni ulionyesha ni kidole cha nani?" Kichupa akamaka. "Uwiano sikuuharibu. Kitanda chako sita kwa nne, changu tatu kwa mbili, umbo lile lile! Na aliyelala akasema kinatosha, ni mie?"

Vuai machozi yakamlengalenga. "Jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Nilitumwa maneno, nikayafikisha yote. Na pale kitandani nilisahau kuwa Nunuu ni mrefu. Mie nikimuwaza, naona macho yake tu."

Bi Nunuu akainamisha uso, asionekane anacheka. Lakini buibui lake keshalishika, tayari kurudi kwa mama.

Haya, nyie mnaosikiliza, amueni upesi, maana miguu yake tayari iko nje. Je, nani alistahili kubeba kosa?