Makapi ya Tarumbeta

Mlango hupakwa rangi asubuhi moja ukang'aa, lakini nyumba hujengwa kwa miaka. Ndiyo maana tukarithishwa neno kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni nyepesi: usipime kitu kwa jina lake wala kwa sura yake ya nje. Ni nyepesi kiasi kwamba wengi wetu tunaijua mdomoni tu. Mmoja wao alikuwa Fundi Masikio.

Fundi Masikio alikuwa na chumba cha kurekodia sauti nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta alizibandika trei za mayai na mablanketi mazito ili msumeno wa jirani usipenye. Jina la Masikio alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kusikia mbu akikohoa. Alikuwa akimsimamisha mtu katikati ya sentensi na kumwambia kuwa mkufu wake umegonga kifungo cha shati. Aliyekuwa na mashaka na jina hilo ni mkewe peke yake. Alisema mumewe husikia kila kitu isipokuwa anachoambiwa.

Kaka yake wa tumbo moja aliitwa Tarumbeta. Huyu kazi yake ilikuwa kunadi samani kuukuu, na sauti ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Akitaja bei upande huu wa soko, watu wa upande wa pili walijipapasa mifuko. Kisha sauti ikaanza kukwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Yeye alisingizia vumbi, halafu baridi, halafu umri. Daktari hakusingizia kitu. Alisema ni uvimbe, na umekaa mahali ambapo kuukata ni kukata na sauti. Ikawa ama sauti ama roho.

Hospitalini walielezwa kuwa ipo programu ya simu ambayo hulishwa sauti ya mtu ingali nzima. Baadaye mtu huyo akiandika maneno, simu huyatamka kwa sauti yake mwenyewe. Basi kabla ya siku ya kisu, Tarumbeta alikuwa akija kila alasiri kwa mdogo wake na kukaa mbele ya maikrofoni. Alisoma sentensi, akasalimia, akagomba, akawaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Binti yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za kampuni ya maji, ndiye aliyezipanga faili hizo.

Siku ya kuzipanga, binti alimweleza baba yake mdogo kila hatua. Masikio alikuwa amevaa hedifoni, akiitikia kwa kichwa.

"Umenielewa, baba mdogo?"

"Nimeelewa, mwanangu. Nimeelewa sana."

Alichoelewa ni kwamba ukiwasha kompyuta, pale pale mbele ya macho, kulikuwa na folda iliyoitwa Sauti ya Kaka. Ndani yake mlikuwa na majina mazuri yanayosomeka: Salamu, Kugomba, Kicheko, Kumwita Bibie. Akaridhika nayo kama mtu aliyeona nyumba yake imepigwa chokaa.

Operesheni ilikwenda salama. Tarumbeta alibaki na roho yake, tundu dogo shingoni la kupumulia, na ubao wa chaki wa kusemea.

Wiki iliyofuata, Masikio alipata kazi ya tangazo la magodoro. Alipotaka kuanza kurekodi, kompyuta ikakataa: diski imejaa. Akaanza kupekua akitafuta cha kufuta. Ndipo akakuta folda nyingine, inaitwa Ghala, na ndani yake yale yale majina: Salamu, Kugomba, Kicheko, Kumwita Bibie. Akalinganisha na zile za mbele. Majina ni yale yale na ukubwa ni ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu: zile za mbele zilikuwa na kimshale kidogo pembeni. Akakiona kimshale kama pambo, kama kipini cha puani.

"Huyu mtoto ameniwekea kila kitu mara mbili," akanung'unika. "Ndiyo maana diski imevimbiwa."

Akaifuta Ghala, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, akatazama nafasi. Ilikuwa imeongezeka kiduchu, isiyotosha hata kurekodi godoro moja. Ilikuwa kama mtu avue koti na buti, apande mizani, akute uzito ni ule ule.

Masikio hakujiuliza kwa nini. Aliendelea kupekua. Huko chini kabisa akakuta folda kubwa inayoitwa Makapi. Ndani hamkuwa na jina hata moja la kueleweka, ila namba na herufi zilizoshikana kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Kwake yeye, kitu kikishajiita makapi, kimejihukumu chenyewe. Akaitupa pipani. Alikuwa ananyoosha kidole ili amwage pipa, mlango ukagongwa.

"Hodi, shemeji. Au hapa hodi hupigwa kwa maikrofoni?"

Alikuwa mke wa Tarumbeta, yule ambaye mumewe alimwita Bibie tangu siku za uchumba.

"Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa ameanza ubishi, maana yake amepona. Jana nimempa supu isiyo na chumvi, ameniandikia ubaoni 'mchawi'. Nimefuta. Ameandika tena, kwa herufi kubwa."

Masikio akacheka. Bibie naye akacheka, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuichukua sauti yake niipeleke hospitali. Lakini nisikilizishe kidogo kwanza, shemeji. Nyumba ile imenyamaza. Miaka yote nilimwambia apunguze kelele, sasa nasikia friji ikipumua."

"Hilo tu? Utasikia mpaka umwambie tena apunguze kelele."

Akabofya Salamu. Kompyuta ikajibu kwamba faili haipo. Akabofya Kugomba. Haipo. Akabofya Kumwita Bibie mara mbili, mara tatu. Haipo. Jina analiona, limekaa pale limenyooka na kipini chake puani, lakini ukiligonga hakuna anayeitika.

"Imegoma?" akauliza Bibie.

Kaka yake hakuwa na sauti nyingine ya kuja kurekodi. Masikio akachukua simu, akampigia binti.

"Mwanangu, zile faili za baba yako zinakataa kufunguka."

"Umefanya nini, baba mdogo?"

"Nimefuta zile za Ghala tu. Si zilikuwa mara mbili?"

Upande wa pili kikasikika kiti kikisukumwa.

"Toa mkono kwenye kipanya. Usiguse kitu. Ulipofuta, diski ilipata nafasi?"

"Wapi! Hiyo ndiyo iliyoniudhi. Nimefuta mzigo mzima, nafasi imeongezeka kama chozi la kuku. Ndiyo nikaitupa na ile takataka nyingine, Makapi."

"Makapi umeitupa wapi?"

"Pipani."

"Pipa umelimwaga?"

Masikio alitazama kidole chake. "Lile la kwanza nimelimwaga. Hili la Makapi nilikuwa namwaga, mama yako akapiga hodi."

Binti alishusha pumzi ndefu. "Mwambie mama asiondoke. Na wewe kaa mbali na hiyo mashine, kalia hata mikono yako. Nakuja."

Alifika chai aliyopewa mama yake haijapoa. Hakusalimia kwa kirefu. Aliitoa Makapi pipani, akairudisha mahali pake, ndipo akavuta kiti.

"Nilikueleza haya, baba mdogo."

"Ulinieleza. Nilikuwa na hedifoni."

"Basi leo vua. Kuna kinachoitwa kiungo kigumu na kiungo laini..."

"Niambie kwa lugha ya watu, mwanangu. Moyo wangu hauko mahali pake."

Binti akafikiri kidogo. "Haya. Sauti ya baba ni nyumba. Jina la faili si nyumba, ni mlango. Nyumba moja inaweza kuwa na milango miwili, na hakuna mlango ulio mkubwa kuliko mwenzake. Diski yako ni ndogo, sikutaka kujenga nyumba mbili. Kwa hiyo nyumba ni moja, mlango mmoja uko Ghala, mwingine uko Makapi. Wewe umeziba mlango wa Ghala. Nyumba imebaki, kwa sababu mlango wa Makapi uko wazi. Ndiyo maana nafasi haikurudi: hakuna kilichobomolewa. Nyumba huvunjwa siku mlango wa mwisho unapozibwa."

"Na hizi za mbele, hizi nzuri?"

"Hizo hata milango si milango. Hizo ni vibao vya barabarani. Kila kibao kinasema 'pita mlango wa Ghala'. Kibao hakiijui nyumba, kinajua njia ya kwenda mlangoni. Wewe umeziba mlango, kibao kimebaki kinang'aa na kumwelekeza mgeni ukutani."

Bibie akamgeukia shemeji yake. "Yaani ulitunza kibao, ukataka kuchoma nyumba."

"Usinimalize, shemeji."

"Na mimi nina kosa langu," binti akasema. "Nani anaweka dhahabu kwenye gunia akaandika makapi? Nililiita hivyo kwa sababu zilikuwa zimetoka mbichi, na vikohozi vyake. Nikasema nitabadilisha jina kesho. Kesho haikufika."

Kazi iliyobaki haikuwa ya kompyuta, ilikuwa ya masikio. Namba zile hazikusema lipi ni Salamu na lipi ni Kugomba. Hapakuwa na njia ila kufungua moja moja, kusikiliza, kisha kuipa jina lake la zamani pale pale Ghala ilipokuwa.

Binti alifungua ya kwanza. Spika zikakwaruza, kikasikika kikohozi, halafu sauti ya Tarumbeta ikajaa chumbani: "Habari za asubuhi. Habari za mchana. Habari za jioni. Masikio, mtu gani husalimia siku nzima hivi?"

"Salamu," akasema Masikio.

Binti akaipa jina. "Sasa bofya kibao chake cha mbele."

Masikio akabofya ile Salamu iliyokuwa imekataa. Ikafunguka. Mlango ulikuwa umerudi mahali pake, na kibao kikapata pa kuelekeza.

Wakaendelea. Mteja wa magodoro alipopiga simu, Masikio alimwambia magodoro yasubiri, yenyewe yameumbwa kwa kulala. Kila namba mbovu waliyoifungua, ndani mlikuwa na mtu. Mara Tarumbeta anagombana na wateja wasiokuwepo, mara anawaita watoto waje kula. Kisha wakafungua moja iliyokuwa na jina refu baya kuliko yote.

"Bibie," ikasema sauti. "Bibie, taulo. Bibie, nani kaficha miwani yangu? Bibie, basi, iko kichwani, usiseme kitu." Pakapita ukimya, mtu akavuta pumzi. "Masikio, umezima? Hapana, acha itembee. Bibie, sikiliza. Miaka yote uliniuliza kwa nini nakuita kwa kelele na wewe uko hapo hapo. Sikuwa na shida ya kitu. Nilikuwa napenda kuona ukigeuka."

Bibie aliufungua mkoba, akatafuta leso, hakuiona, akajifuta kwa kiganja. Masikio aliyasikia maneno hayo siku yalipotamkwa, akayanyamazia kwa sababu hayakuwa yake. Sasa aliinamisha kichwa. Ni hayo aliyokuwa ameyanyooshea kidole ayamwage, kwa sababu mlango wake ulikuwa na sura mbaya.

Zilipatikana zote ila moja. Kicheko kilirekodiwa siku ya mwisho, kikawekwa moja kwa moja Ghala. Kilikuwa na mlango mmoja tu, na Masikio ndiye aliyeuziba. Ile nafasi kiduchu iliyoongezeka kwenye diski ilikuwa ya kicheko hicho. Binti akachomeka diski ambayo mama yake aliileta mkobani na kunakili kila kitu upya. "Hii sasa ni nyumba ya pili," akasema, "si mlango wa pili." Masikio hakumwitikia kwa kichwa. Alifungua kila moja kwenye ile diski mpya, akaisikiliza mpaka mwisho.

Programu ilipokuwa tayari, Masikio alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Alimkuta amekaa kitandani, simu mkononi. Hakuzunguka.

"Kaka, nimekupotezea kicheko. Nilifuta bila kufungua. Vingine vyote vimepona kwa bahati, si kwa akili yangu. Nisamehe."

Tarumbeta akaanza kuandika taratibu kwa kidole kimoja. Bibie akasimama mlangoni na bakuli. Simu ikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yake yeye, na mikwaruzo yake:

"Mabibi na mabwana, mbele yenu ni mdogo mtu, mmoja. Ametumika. Masikio yapo mawili, hayajawahi kufanya kazi. Nauza kwa hasara. Nani anaanza?"

"Simtaki hata bure," akasema Bibie.

Mabega ya Tarumbeta yalitikisika, machozi yakamtoka, na hakutoa sauti yoyote. Masikio alisogea akakaa kando yake, akamshika begani, akakisikia kicheko kile kwa mkono. Hapo ndipo alipolijua lile neno ambalo maisha yake yote alilitamka tu: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.