Majaribio Mia Mbili ya Frumence

Ukishaisoma hii, mtumie yule mwenzako ambaye ukimuuliza kazi anakuonyesha picha ya skrini.

Katika ofisi moja ya programu jijini Dodoma, Zawena na Frumence waliandika, kila mmoja kivyake, mfumo wa kuita gari la wagonjwa. Mfumo mmoja tu ungechukuliwa na hospitali Jumatatu. Zawena alijua maana yake: ukikosea, mjamzito mwenye uchungu anaambiwa gari linakuja, kumbe hakuna gari.

Siku ya ukaguzi, Frumence alifungua kompyuta yake. Majaribio mia mbili ya kuupima mfumo wake, yote ya kijani, yaani yamefaulu. Ofisi nzima ikapiga vigelegele, maana ndiyo desturi yao: kijani kitupu hushangiliwa.

Zawena alikuwa na tisa. Saba ya kijani, mawili mekundu.

"Dada, hayo mekundu umeyaleta yatupambie ofisi?" Frumence akauliza.

"Yameniambia nina makosa mawili. Yako yamekuambia nini?"

"Kwamba mimi ni fundi!"

Watu wakacheka. Mkurugenzi, Mama Shelukindo, hakucheka. "Zawena, una hoja au una wivu?"

"Nina ombi, Mama. Kila jaribio lina dereva wa bandia, kipande cha msimbo kinachojibu badala ya dereva wa kweli. Huyu wa Frumence hujibu 'nakuja'. Niruhusu nimfanye ajibu 'siji'."

Akabadilisha neno hilo moja. Kila mtu akangoja wekundu.

Majaribio mia mbili. Yote ya kijani.

"Dereva amekataa," Mama Shelukindo alisema taratibu, "na bado unaniambia gari limefika?"

Frumence akausoma msimbo wake, akaliona kosa. Katika JavaScript, lugha aliyoandikia programu yake, swali hutumwa na jibu huja baadaye. Usipoiamuru programu isubiri, inasonga mbele. Yeye hakuiamuru hata mara moja. Majaribio yake yalikuwa yakifunga kazi na kujipongeza kabla dereva hajafungua mdomo.

"Na yako?" Mama akamgeukia Zawena.

Zawena akambadilisha dereva wake pia. Majaribio yote tisa yakawa mekundu pyu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Zawena alisimama kando ya skrini ile, kifua mbele, kama mtu aliyeshika kombe.

"Yangu yanajua kusikia hapana," alisema.

"Basi rekebisha hayo makosa yako mawili," Mama Shelukindo akajibu. "Jumatatu hospitali inachukua mfumo wako."

Funzo: Kipimo kisichoweza kukuambia umekosea hakijakupima; kimekusifu tu.