Hodi ya Kijito cha Nyuma ya Jiko

Asiyetaka kusikiliza aondoke sasa, maana sirudii.

Palikuwa na mjane, Mwanakheri, asiye na mtu wa kumwambia "karibu". Alisikia chemchemi za mbali huitikia hodi, akafunga safari. Ya kwanza akaipigia hodi, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, zimwi likatoa kichwa majini.

"Bibi wee, kwako hakuna maji?"

"Kuna kijito tu, nyuma ya jiko."

"Umewahi kukipigia hodi?"

Hakuwahi. Miaka thelathini alichota bila salamu. Akarudi, akavua viatu, akayaona mayungiyungi yaliyochanua pale miaka yote.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Mwanakheri," maji yakajibu. "Siku zote ilikuja ndoo peke yake."

Nimemaliza. Mwenye kijito kwake ameshasikia.