Buku na Amri Zilizong'olewa

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nani? Semeni upesi, miguu inaniwasha!

—Pakawa Buku!

Haya. Buku ni panya mkubwa, lakini mkubwa kwa panya tu. Jua lilikuwa kali, bonde limekauka, na watoto wa Buku walilia kiu kutwa nzima. Maji yalikuwepo huko juu, nyuma ya lango. Wanyama walikuwa wamekubaliana kwamba programu yoyote itakayopita kwenye mashine ya lango bila kosa ndiyo itakayoliendesha. Mlinzi wa mashine alikuwa Kiboko, naye maji yote aliyataka yeye.

Buku akaandika programu nyumbani kwa rafiki yake Kobe. Mashine ya Kobe ikasema, "Tayari!" Akakimbia nayo, pu-pu-pu-pu, mpaka langoni.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Weka tuone."

Akaweka. Tiii! "Amri ya kupima haipo."

Kila mashine, wanangu, ina maktaba yake ya amri zilizotungwa tayari, na programu huazima humo. Maktaba ya Kobe ilikuwa nazo zote. Kwenye ile ya langoni, Kiboko alikuwa ameing'oa moja makusudi.

"Pole sana," akasema Kiboko, akicheka mpaka tumbo likatikisika.

Buku akazunguka huku, akazunguka kule, hatulii. Kisha akaongeza maneno: "Amri ya kupima ipo? Ikiwepo, iazime. Isipokuwepo, tumia hii yangu." Akaweka. Mashine haikupiga tiii! Kiboko akaona hatari, ng'wee! akang'oa nyingine.

Tiii! "Amri ya kufungua haipo."

"Ipo? Ikiwepo, iazime," Buku akaandika mbiombio. "Isipokuwepo, tumia hii yangu."

Kiboko jasho likamtoka. Ng'wee! Akaing'oa ya kufunga, na ili isipatikane tena, akaimeza.

Tiii! "Amri ya kufunga haipo."

"Sasa je? Programu isiyo na amri ya kufunga haipiti hapa!"

Buku akasikia wanawe wanalia kule bondeni. Roho ikamuuma. Akaandika mstari mmoja tu, akaweka.

"Tayari!"

Krrr! Lango likafunguka. Chwaaa! Maji hayoo, bondeni!

"Funga!" akapiga kelele Kiboko.

"Nimefunga," mashine ikajibu. Chwaaa!

"Funga, nimesema!"

"Nimefunga." Chwaaa!

"We Buku, umeandika nini humu?"

"Ya kwangu ndogo tu, mzee. Ikiambiwa funga, inajibu 'nimefunga.' Basi. Rudishia ile yako."

Kiboko akalishika tumbo lake, akalia.

Funzo, wanangu: fundi mwema haachi kazi nusunusu, wala hasemi amemaliza kama hajamaliza. Watoto wa Buku wangekuwepo wangewathibitishia, ila wamekwenda kuogelea.

Imekomea hapo. Inukeni, mkeka naukunja!